Urefu wa Utambi

Mhadhara kwa wachimbaji, wafanyabiashara na wanakijiji wa Saza, Wilaya ya Songwe

 

Nilipokuwa nashuka kwenye gari, mzee mmoja aliyeketi kivulini aliniuliza nimekuja kuzungumzia nini. Nikamjibu, notisi. Akatega sikio. "Noti?" Nikasema hapana mzee wangu, notisi. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Hapa Saza ungesema noti ungepata watu zaidi." Nimelipokea shauri lake. Naanza na noti.

Oktoba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kwamba noti za matoleo ya mwaka 1985 hadi 2003, pamoja na noti ya shilingi 500 iliyotolewa mwaka 2010, zinaondolewa kwenye mzunguko. Mwenye nazo azipeleke benki kuanzia tarehe 6 Januari 2025 hadi tarehe 5 Aprili 2025, apewe zinazotumika. Siku ya mwisho ikipita, basi. Kwa maneno mengine, noti zilipewa notisi. Na ilikuwa notisi iliyokamilika: ilitaja kitu kinachoondoka, mlango wa kupeleka, siku ya kufungua, siku ya kufunga, na litakalompata atakayechelewa. Watu wa dhahabu mnazijua fedha za kwenye kopo, zile mama alizozifukia pembeni mwa jiko asimwambie mtu. Aliyelifukua kopo lake mwezi Machi alikuwa na fedha. Aliyelifukua tarehe 6 Aprili alikuwa na picha ya tembo. Karatasi ni ileile, wino uleule, tembo yuleyule. Kilichokwisha ni muda.

Hapo ndipo ninapotaka tukae leo. Wengi wetu tukisikia neno notisi tunaona barua yenye mhuri. Barua ni chombo tu. Anachopewa mtu anapopewa notisi ni siku, siku ambazo ni zake, afanye jambo kabla jambo halijamfikia. Ikiwa siku hizo hazitoshi kufanya chochote, hakupewa notisi, hata kama barua ina mihuri minne.

Ninyi mnalijua hili kuliko mawakili. Kule chini, kabla ya kulipua mwamba, mlipuaji anakata utambi. Haukati kwa mazoea wala kwa ubahili. Anapima: moto utatembea kwa muda gani hadi ufike kwenye baruti, na mtu wa mwisho atahitaji muda gani kupanda, kutoka na kujificha. Mtu wa mwisho, si yule kijana mwepesi anayepanda kamba kama ngedere. Filimbi inapigwa, watu wanahesabiwa, ndipo kiberiti kinawashwa. Mlipuaji akisema "mimi filimbi nilipiga" huku utambi wake ulikuwa wa sentimita tano, hakuna mchimbaji hapa atakayemwelewa. Lakini maofisini, madukani na kwenye nyumba za kupanga, kuna watu kila siku wanapiga filimbi na kulipua kwa wakati mmoja, kisha wanasema taratibu zilifuatwa.

Lugha yetu ina maneno kadhaa kwa jambo hili, na hayalingani. Tangazo ni la wote. Taarifa ni habari. Inaweza kuwa ya jana. Onyo lina kiboko nyuma yake. Ilani lilikuwa neno zuri sana la kazi hii, ila vyama vya siasa vimelichukua, sasa ukilisema watu wanafikiri uchaguzi. Notisi tumelikopa, nalo limekaa vizuri kwa sababu lina mambo mawili ndani yake, kujulishwa na kungoja. Lakini nadhani wazazi wetu walikuwa na jambo lenyewe kabla ya kukopa jina lake. Walikuwa na hodi. Unafika mlangoni, unaita, unasimama. Unaita tena, unasimama. Kule kusimama ndiko hodi. Anayeita "hodi" huku mguu wake umeshavuka kizingiti, mama mwenye nyumba humjibu neno ambalo siwezi kulisema mbele ya wazee.

Na hodi si kuomba ruhusa tu, wala si kutangaza tu. Sheria imetusumbua sana hapo katikati, na historia yake yafaa kusimuliwa.

Zamani, ukitaka kuishtaki Serikali ya Tanzania ulipaswa kwanza kupata idhini ya Serikali hiyohiyo. Trekta la umma limekuharibia mazao, askari amekuumiza. Unamwandikia unayetaka kumshtaki, unamwomba akubali ashtakiwe. Akinyamaza, umekwama. Mwaka 1993 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Kukutia Ole Pumbun na mwenzake dhidi ya Mwanasheria Mkuu, ilisema sharti hilo linakwenda kinyume na Katiba, kwa sababu linamzuia mtu kufika mahakamani na linaipa Serikali daraja la juu kuliko anayelalamika. Mwaka uliofuata Bunge likabadili Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali. Idhini ikaondoka. Mahali pake ikaja notisi ya siku 90.

Watu wengi wanailaani notisi hiyo. Miezi mitatu, wanasema, ya nini? Mimi pia naiona ndefu. Ila tazameni ilikotoka. Mwenye idhini anaweza kusema hapana. Mwenye notisi hana hapana. Ana siku 90 tu za kuchunguza, kuuliza maofisa wake, na kama ana akili, kukuita mkapatana. Zikiisha unaingia mahakamani, apende asipende. Tofauti ya kuomba na kujulisha ndiyo tofauti ya mtumwa na jirani.

Sharti la notisi linataka uandike madai yako na msingi wake, upeleke kwa wizara au ofisi unayoilalamikia, na nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Tangu marekebisho ya mwaka 2020, utaratibu huo unazihusu pia halmashauri, wakala za Serikali na mashirika ya umma. Kwa hiyo greda la halmashauri likikuvunjia ukuta, usikimbilie mahakama ya karibu. Kesi iliyofunguliwa bila notisi huondolewa kabla haijasikilizwa. Utaanza upya, na kwa baadhi ya madai muda wa kushtaki utakuwa umekuacha. Nimeona watu wenye haki yao nyeupe kabisa wakirudi nyumbani mikono mitupu kwa sababu ya barua moja ambayo hawakuiandika.

Tuje kwenye kazi.

Saza ina historia ya kazi ndefu kuliko mkoa wenyewe. Mkoa wa Songwe umezaliwa mwaka 2016, na wilaya yetu ilimegwa kutoka Chunya. Lakini mgodi wa New Saza ulikuwa ukitoa dhahabu tangu mwishoni mwa miaka ya 1930, na katika Tanganyika ya siku zile ulikuwa nyuma ya Geita tu. Ukafungwa mwaka 1956. Enzi hizo kibarua alikuwa na kipande: kadi ya siku 30 za kazi, kila siku uliyofanya kazi inawekwa alama, zikitimia 30 unalipwa. Kipande kikijaa, mkataba umekwisha. Ulikuwa mpango wa werevu kwa mwajiri, maana mtu wa kipande hafukuzwi. Kadi yake hujaa tu. Hakuna anayemdai mwenzake kesho.

Kipande kimekufa, tabia yake haijafa. Deiwaka wa leo, anayeambiwa jioni "kesho usije", ni mjukuu wa kipande. Na hapa sheria ya sasa inasema jambo ambalo madeiwaka wengi hawajawahi kulisikia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka notisi isiyopungua siku 7 ikiwa ajira ingali ndani ya mwezi wa kwanza. Mwezi huo ukipita, aliyeajiriwa kwa siku au kwa wiki anastahili siku 4, na aliyeajiriwa kwa mwezi siku 28. Siku nne ni chache, nakubali. Lakini siku nne si "kesho usije".

Notisi hiyo iwe ya maandishi, itaje sababu, itaje tarehe iliyotolewa. Isitolewe mtu akiwa likizo, wala siku zake zisihesabiwe ndani ya likizo. Mwajiri anaweza kulipa fedha badala ya kukuacha utumikie siku hizo, na hapo ndipo pana mtego ninaokutana nao kila mwaka. Mwajiri analipa mshahara wa siku 28, anamwambia mtu aondoke leo, anaamini amemaliza. Hajamaliza. Fedha ile imenunua siku tu. Haijanunua sababu. Sheria inataka kuwe na sababu halali na utaratibu wa haki, na mtu anayeona ameachishwa isivyo halali ana siku 30 za kupeleka mgogoro wake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Siku 30 nazo ni utambi, na safari hii moto unatembea kuelekea kwa mfanyakazi. Wengi wanazimaliza wakibembeleza warudishwe, wakitumwa kesho na keshokutwa, hadi siku ya 31.

Mfanyakazi naye anadaiwa. Mnaijua "notisi ya saa 24", ile ya kijana aliyepata kazi nzuri zaidi, anaandika barua leo na kesho hayupo. Mitaani inasemwa kama haki ya kuzaliwa. Ukweli ni kwamba notisi ya mkataba inawabana wote wawili. Anayeondoka bila kuitumikia anailipa. Mama mjamzito anatakiwa amjulishe mwajiri nia yake ya kwenda likizo ya uzazi miezi mitatu kabla ya siku anayotarajia kujifungua, akiwa na cheti cha daktari. Wafanyakazi wanaotaka kugoma, hata baada ya kupita ngazi zote za usuluhishi na kupiga kura, wanampa mwajiri saa 48. Wapo wanaoona saa hizo ni kumsaidia adui. Mimi naona saa 48 za kabla ya mgomo zimemaliza migomo mingi kuliko mabomu ya machozi, maana mwenye mgodi anayejua kwamba keshokutwa mashine zinasimama hupata ghafla muda wa kikao ambao mwaka mzima hakuwa nao.

Ila sehemu ya sheria hiyo ninayoiona yenye hekima kuliko zote inahusu kupunguza wafanyakazi kwa sababu za kiuchumi. Mwajiri hangoji aamue ndipo aseme. Anatakiwa kutoa notisi ya nia yake mara tu wazo linapoanza kufikiriwa, aweke wazi habari zinazohitajika, kisha azungumze na wafanyakazi: kwa nini, kuna namna ya kuepuka, wataondoka nani na kwa kigezo gani, lini, na kwa malipo gani. Notisi inatolewa jambo likiwa bado bichi, likiwa bado linaweza kukunjwa. Kwa eneo la madini hili lina uzito wake. Kila mgodi duniani una siku ya kufa, na aliyeupima mwamba anaijua kabla ya anayeuchimba. Mgodi wa New Luika ulianza kutoa dhahabu mwaka 2012, na maisha ya nyumba ngapi hapa na Mkwajuni yamejengwa juu yake? Mama anayepika chakula cha wachimbaji, kijana wa bodaboda, mwenye vyumba vya kupangisha: hao hawana mkataba na mgodi wowote, hakuna sheria inayowapa siku 28. Notisi yao ni kuangalia, magari yamepungua, mishahara imechelewa, wahandisi wameanza kuhamisha familia.

Nimesema notisi ni siku ambazo mtu anaweza kuzitumia. Basi kuna njia ya kumnyima mtu siku hizo bila kupunguza hata moja. Mwandikie kwa lugha asiyoijua.

Shangazi yangu, mkulima wa kahawa kule Mbozi, alimdhamini mwanawe kwa nyumba yake katika taasisi moja ya mikopo. Mtoto hakulipa. Barua ikaja, kurasa mbili, Kiingereza kitupu. Aliyekuwa nyumbani na elimu kuliko wote ni mjukuu wa darasa la tano. Akaisoma kwa bidii, akasema, "Bibi, wanasema asante." Mwishoni mwa barua kulikuwa na neno la adabu alilolitambua. Shangazi akaiweka ndani ya Biblia, akafurahi kwamba wameshukuru. Ilikuwa notisi ya kuuza nyumba. Tulipokuja kuiona, zilikuwa zimebaki siku 9. Tulikimbia, tukauza tulichouza, nyumba ikapona, lakini shangazi hajawahi tena kupokea barua bila mikono kutetemeka.

Sasa tazameni sheria ilivyo kwenye karatasi. Kwa rehani ya ardhi, mdaiwa anapewa notisi ya siku 60, na siku hizo huhesabiwa tangu alipoipokea, si tangu karani alipoipiga chapa. Baada ya hapo, kabla ya mnada wa ardhi, Sheria ya Madalali inataka siku 14 za tangazo la hadhara, katika mji mkuu wa wilaya na pale penye mnada. Na inaongeza kitu ambacho kila nikikisoma natamani kumjua aliyekiandika: tangazo lisiwe la maandishi peke yake, litolewe pia kwa njia ambayo asiyesoma ataielewa, nalo liwe kwa Kiswahili pamoja na Kiingereza. Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Huyo mtunga sheria alijua kwamba isipolia kwa sikio la mwenye jambo, hailii. Mwaka 2021 Bunge lilikwenda mbali zaidi, likafanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Lakini makabati ya taasisi za fedha bado yamejaa fomu za zamani, na karani anayejaza fomu ya zamani hafikirii shangazi ya mtu.

Kwa hiyo ukipokea barua, andika tarehe ya kuipokea kando ya sahihi yako. Kama hujaielewa, andika na hilo: "nimepokea, sijaelewa". Na tafadhali acheni ule mchezo wa kukataa kupokea. Najua unapendwa. Mtu anamwona mpeleka barua kwenye kona, anapitia mlango wa nyuma. Anadhani asipotia sahihi, utambi haujawashwa. Mpeleka barua anamwita mtendaji wa kijiji, wanaandika kwamba umekataa, na siku zinatembea zikiwa hazina mwenyewe. Umejinyima wewe.

Kuna notisi zisizo na lugha kabisa. Mnazijua zile alama za X kwenye kuta kando ya barabara kuu. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu hadi mita 30 kila upande kutoka katikati, badala ya mita 22.5 za awali, na nyumba nyingi zikaamka asubuhi moja zikiwa barabarani bila kuhama. X nyekundu humaanisha uliifuata barabara, utavunja bila fidia. X ya kijani humaanisha barabara imekufuata wewe, una haki ya kulipwa. Herufi moja, rangi mbili, na kati yake kuna maisha ya familia. Nimewahi kumkuta mtu aliyeipaka X yake chokaa akidhani ameimaliza. Wengine wamekaa na X miaka kumi. Hawajengi, hawauzi, hawapati mpangaji wa maana. Nao ni ugonjwa wa notisi, tena hausemwi sana. Utambi mfupi unaua, lakini utambi usio na mwisho unamfanya mtu akae amejikunyata maisha yake yote akingoja mlio.

Sasa tushuke Tunduma, maana nusu ya bidhaa za maduka ya hapa zimepita pale.

Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilifunguliwa Oktoba 2019, na tangu hapo mambo ya karatasi yamekuwa mepesi kuliko zamani. Lakini lori haliogopi foleni kama linavyoogopa tangazo. Tarehe 17 Aprili 2025, Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Hussein Bashe, alitangaza kwamba Malawi na Afrika Kusini zisipoondoa vizuizi vyao kwa mazao ya Tanzania hadi Jumatano ya wiki iliyofuata, mazao yao nayo yatazuiwa kuingia. Afrika Kusini ilikuwa ikizikataa ndizi zetu kwa miaka. Malawi nayo mwezi Machi ilikuwa imezuia unga, mchele, tangawizi, ndizi na mahindi. Jumatano ikapita, na tarehe 24 Aprili zuio likaanza. Baada ya siku chache likaondolewa ili mazungumzo yaendelee.

Kama serikali kwa serikali, sina ugomvi nalo sana. Lilitajwa kosa, likatajwa tendo linalotakiwa, ikatajwa siku. Na upande wa pili ulikuja mezani. Lakini notisi ile ilielekezwa Lilongwe na Pretoria, na anayekimbia utambi ukiwaka ni mama mwenye genge na dereva mwenye tufaha. Lori lililopakia matunda kusini mwa Afrika siku moja kabla ya tangazo lilikuwa na nchi mbili tatu za kuvuka. Siku saba kwa waziri ni wiki ya vikao. Kwa tunda ni umri wa uzee. Shirika la Biashara Duniani lilikubaliana Doha mwaka 2001 kwamba kati ya kutangaza masharti mapya ya viwango vya bidhaa na kuanza kuyatumia, muda unaofaa kwa kawaida usipungue miezi 6. Vikwazo vya kulipizana havifuati saa hiyo, wala dharura za magonjwa ya mimea. Lakini miezi sita inatuonyesha watu wa biashara wenyewe wanadhani mtu anahitaji muda gani kugeuza meli.

Na siku saba zile zilikuwa anasa ukilinganisha na Machi 2021. Tarehe 5 mwezi huo mamlaka ya kilimo ya Kenya iliandika barua kwa forodha kuzuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na barua ikaanza kazi ilipowasili. Malori yakajipanga mpakani Namanga. Siku chache baadaye mlango ukafunguliwa kwa masharti ya cheti. Sumukuvu inaua, sitaki mtu anielewe vibaya. Lakini mahindi yaliyoliwa Ijumaa na yaliyozuiwa Jumamosi yalitoka shamba moja.

Mfano mmoja wa nyumbani. Tarehe 28 Julai 2025 ilitoka amri inayowazuia wasio raia kufanya biashara 15, ukiwemo uchimbaji mdogo wa madini na ununuzi wa mazao shambani. Haikutaja siku za kujiandaa kwa ujumla. Ilisema mwenye leseni aendelee nayo hadi muda wake uishe. Ni werevu, maana notisi imefichwa ndani ya leseni ya kila mtu. Ila imegawanywa kama bahati nasibu. Aliyekata leseni Juni alipewa karibu mwaka. Ambaye yake iliisha Agosti alipewa wiki chache, na kosa lake ni kuzaliwa kwa leseni yake mwezi mbaya.

Fremu na nyumba za kupanga nitazipitia haraka. Mpangaji wa mwezi kwa mwezi, bila mkataba wa muda maalumu, hatolewi kwa notisi pungufu ya kipindi anacholipia kodi, na siku ya mwisho iangukie siku ya kulipa kodi. Baba mwenye nyumba anayekuambia tarehe 20 uhame tarehe 30 amekosea mara mbili. Na wewe unayehama usiku na funguo mfukoni umekosea mara moja, lakini kubwa.

Nimebakiza jambo la hapahapa, ambalo nadhani ndilo mlilokuja kulisikia.

Duara moja, yaani shimo moja la kuchimbia dhahabu, lina watu wengi juu yake. Kuna mwenye shamba, kuna mwenye leseni, kuna mwenye duara aliyeweka fedha za magogo, pampu na chakula, na kuna wachimbaji wanaongoja mgao wa mifuko. Mara nyingi kati yao hakuna karatasi hata moja. Kuna neno, na neno linaheshimiwa sana hadi siku mwamba unapoonyesha rangi. Siku hiyo mwenye leseni anakumbuka kwamba leseni ni yake. Tume ya Madini inapomwona mwenye leseni amekiuka masharti, humpa kwanza hati ya makosa na muda wa kurekebisha kabla ya kumfutia. Mtu huyohuyo aliyepewa muda na Serikali anamwambia mwenye duara, "tokeni kesho".

Kijana mmoja ameniuliza kabla sijaanza kama ujumbe wa WhatsApp ni notisi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 imeyapa maandishi ya kielektroniki nafasi yake, kwa hiyo siwezi kusema si kitu. Lakini mita arobaini chini ya ardhi simu haishiki mtandao. Ukitumia njia hiyo, kubalianeni kwanza kwamba ndiyo njia, na ujumbe uende kwa nani, na nani atapiga kelele shimoni.

Nimekuja na kipande cha maneno, mkikitaka mkiweke kwenye makubaliano yenu hata kama ni ya daftari la shule. Kinasomeka hivi: "Mwenye leseni akitaka mwenye duara aondoke, atamwandikia kwa Kiswahili, atataja sababu, atamkabidhi mkononi mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, naye ataandika tarehe ya kupokea. Siku zitahesabiwa kuanzia hapo. Katika siku hizo mwenye duara atamaliza mwamba aliokwisha kuuvunja, atapeleka mifuko karasha, na watu wake watapata mgao wao. Siku zitakuwa..."

Hapo nimeacha nafasi. Niliandika 30, nikafuta. Nikaandika 60, nikafuta. Kuvunja, kupandisha, kusaga, kuosha, kungoja zamu ya karasha wakati umeme umekatika, mimi sijui vinakula siku ngapi. Mtu wa mwisho kupanda ndiye anayejua. Kalamu hii hapa, nani anaanza?